Kompyuta ya Mhezi Baada ya Radi

Nyie mnaofungua vibanda vya ufundi hapa Same, mkiandika mlangoni kwamba mnatengeneza simu na kompyuta za aina zote, nawapenda, lakini mna haraka. Mteja hajamaliza kusalimia, bisibisi iko mkononi. Hajaeleza mashine imefanya nini, mfuniko umeshatoka. Mimi nimestaafu, magoti yamegoma kuinama chini ya meza, ila macho bado mazima na nawaona. Kwa hiyo kaeni kidogo niwaeleze habari ya kompyuta isiyowaka. Katika magonjwa yote ya kompyuta, hilo ndilo linalomtia mtu hofu kuliko mengine. Mashine ikiwa nzito mtu hulalamika. Ikigoma kabisa kuwaka, hunyamaza na kuanza kujiuliza ni nani atakayelaumiwa.

Nilianza kazi nikiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoingia ofisini kwetu ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, juu yake likawekwa ua la plastiki, tukawa tunaipita kwa adabu. Siku ilipogoma kuwaka akaitwa Mzee Hamza kutoka Hedaru, fundi redio aliyejifunza kompyuta ukubwani. Akaingia, akasalimia watu wote mmoja mmoja, akaketi, akaulizia chai. Mimi nilikuwa na barua za kuchapa zimenisubiri, nikawa nachemka kwa ndani. Yeye anakunywa taratibu na kupiga soga na kila anayepita. Katika soga akasikia kwamba birika jipya la umeme lililetwa jana yake na lilichomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Akaweka kikombe chini, akaifungua plagi ya ile ekstensheni, akatoa kifyuzi kidogo kilichoungua, akaweka kingine. Kompyuta ikawaka hata bila kuguswa kitambaa chake.

Aliponiona bado nimenuna akacheka. "Binti," akaniambia, "mashine haisemi. Wanaosema ni watu, na mtu hasemi vizuri akiwa amesimama."

Nilimwandama anifundishe mpaka akachoka kukataa. Akanipa sharti moja tu: nisishike mashine ya mtu kabla sijaketi na wenyewe na kutumia nilichokaribishwa, hata kama ni maji ya kunywa. Nililiona sharti la mlafi. Nimelishika maisha yangu yote ya kazi.

Basi, kazi yenyewe. Anzia ukutani, achana na boksi. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Usicheke, nimepanda milima kwa pikipiki kwenda kubonyeza swichi ya soketi. Kisha fungua plagi, hizi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na vijana wengi siku hizi hawajui kwamba plagi inafunguka. Kisha jaribu waya mwingine wa umeme. Kisha ekstensheni, kisha stabilaiza, kile kiboksi kinachosawazisha umeme. Kila kimoja kiondoe njiani kwa zamu uone nani mwenye kosa. Ukishafika kwenye boksi, linuse kabla ya kuligusa, maana kilichoungua hakifichi harufu. Ukifungua, tazama kapasita zilizovimba vichwa, toa memori uifute miguu na kuirudisha mpaka isikike imekaa. Chomoa kila kisicholazimu, jaribu tena. Hata kitufe cha mbele hukwama, watoto wakikishika kwa vidole vya uji.

Hamza alinifundisha kapasita kwa kutumia ndiva, lile bwawa letu la milimani linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi. Ukichomoa waya, alisema, umefunga mfereji, lakini maji yaliyokwisha kuingia bwawani bado yamo, na yatakupiga. Kwa hiyo ukichomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie, yamwagike. Na tumbo la pawa saplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya boksi, usilifungue kienyeji. Zamani tulilifungua na kuchomelea kapasita mpya kwa risasi kwa sababu hapakuwa na la kununua. Leo weka nyingine, uende nyumbani kwako salama.

Wateja nao. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri Hedaru aliniletea kompyuta iliyokufa, kaja nayo kwenye basi kaipakata kama mtoto mchanga. Kufunua, ni monita peke yake. Nikamuuliza lile boksi liko wapi. "Lile la chini? Nimeliacha, zito, na halina picha." Nikachomeka monita ikawaka taa, akasimama tayari kuondoka, amefurahi kwamba mgonjwa amepona. Kihurio nako kulikuwa na steshenari jirani na mashine ya kukobolea mpunga, na kompyuta yao ilikuwa ikigoma kila msimu wa mavuno. Nilipoifungua, pumba zilikuwa zimejaa kwenye feni mpaka haizunguki, na mjusi ametaga humo. Wenyewe walikuwa wameshaiombea dua ile mashine.

Sasa nije kwenye habari ya Mhezi, ambayo ndiyo hasa nilitaka muijue.

Ilikuwa miaka michache kabla sijaacha kazi. Alinipigia simu mwanamke kijana, sauti ya chini kama mtu anayeongea akiwa kanisani.

"Shikamoo mama. Naitwa Upendo, nipo Mhezi. Kompyuta yetu imepigwa na radi. Naomba uje kabla ya Ijumaa. Baba Baraka anarudi Ijumaa."

Nikamwambia ailete Same. Akasema barabara ile ukiishusha kwa pikipiki, kama haijafa itafia njiani. Alisema kweli. Nikapanda mimi.

Alinipokea barabarani, na tulipokuwa tunashuka kwenye migomba kuelekea nyumbani akanieleza yote, bila kunitazama. Yeye ni mtu wa Kihurio, wa bondeni, kaolewa huku juu. Mumewe, Eliamini, huyo Baba Baraka, ni dereva wa lori na hukaa safarini. Nyumbani wanaishi yeye, mtoto na mama mkwe wake, Bibi Namkunda. Eliamini alikuwa amekusudia kumwezekea mama yake jiko kwa bati, maana jiko la zamani linavuja. Upendo ndiye aliyemwomba waanze na kompyuta, awe anachapa mitihani ya shule na ratiba za kanisa, kisha jiko lifuate. Bibi alikubali. Hakusema neno, ila alikubali. Kwa hiyo kompyuta ikakaa sebuleni na Bibi akaendelea kupikia kwenye matone.

Siku ya radi Upendo aliiacha inawaka, akaenda kukata majani ya ng'ombe, mvua ikamkuta mteremkoni, na radi ikaunguza televisheni ya jirani. Aliporudi akaikuta imefunikwa kanga, kimya. Tangu hapo akibonyeza haiitiki. Eliamini alipiga simu akauliza nani aliiacha inawaka. Akamjibu, mimi. Eliamini akasema, tutaongea nikija.

"Na mama mkwe anasemaje?"

"Hasemi. Tangu siku ile haniongeleshi. Jiko lake limekosa bati kwa ajili yangu, na mashine nimeiua." Akasimama. "Mama, ukikuta imekufa, naomba uniambie mimi kwanza kabla hujawaambia wao. Nitashuka kwetu Kihurio kabla yeye hajafika."

Wanangu, nilikuwa na begi la bisibisi begani, na nawaambia kweli, liliongezeka uzito. Nilikuwa nimeitiwa kompyuta, na hapo nikaelewa kwamba nikitikisa kichwa tu mbele ya ile meza, nyumba inavunjika.

Bibi Namkunda alikuwa mlangoni. Mimi mwenyewe nina wajukuu, lakini yeye alinizidi umri sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mmetoka salama huko kwenye joto?"

Upendo akaniletea kiti, na Bibi akaniletea kigoda. Kila mmoja ananikaribisha mimi, hakuna anayemkaribia mwenzake. Bibi akanitazama akasema, "Mwambie huyo makande yanakaribia kuiva." Huyo amesimama hapohapo. Niliumia kuliona lile, maana sikuona hasira usoni mwa Bibi. Niliona mtu anayekwepa macho.

Makande yalikuwa bado motoni, kwa hiyo kwa sharti la Hamza nilikuwa sijaruhusiwa kushika kitu. Nikatia mikono nyuma nikaingia sebuleni kutazama kwa macho na pua tu. Stabilaiza ilinuka kuungua tangu mlangoni. Boksi la kompyuta halikunuka chochote. Nikachukua tochi nikamulika nyuma yake, kwenye pawa saplai, pale waya unapoingia. Huwa kuna swichi ndogo pale, kwenye baadhi ya mashine ni ya rangi nyekundu na huwaka taa ikiwa imewashwa. Watu wengi hutumia kompyuta miaka na miaka bila kujua kwamba ipo. Hiyo ilikuwa imezimwa.

Najua mngefanya nini. Mngeibonyeza. Na mimi mkono uliniwasha. Lakini swichi haijizimi, na kabla ya kuirudisha unapaswa kumjua aliyeizima na alichokiona. Huenda aliona moshi. Ukiiwasha bila kujua, unaweza kuunguza kilichobaki.

"Upendo, nani mwingine anashika hii mashine?"

"Mimi tu. Mama haigusi. Baba Baraka alimkataza tangu siku ya kwanza. Alimwambia mikono yake ni ya jikoni, ataiharibu."

Makande yakaiva. Upendo akapakua, kisha akasema anakwenda kumtazama ng'ombe, nikajua anakwepa kula mbele ya mama mkwe. Nikaketi na Bibi jikoni karibu na moto, maana Mhezi ni baridi hata mchana, tukala. Nikamsifia makande, yalistahili. Nikamuuliza habari za mashamba, za mvua, tukafika kwenye radi bila kulazimisha.

"Ile ilikuja na hasira," akasema. "Nilikuwa peke yangu na mtoto. Nikafanya tunavyofanya. Nikageuza kioo kikatazama ukuta. Nikavua kilemba chekundu nikakitia kikapuni, nikaficha beseni jekundu na chupa ya chai. Chekundu kinaita radi. Si unajua?"

"Najua mama. Bibi yangu alikuwa anatuvua hata sweta za shule."

Akacheka kidogo. Nikamwacha ameze.

"Na sebuleni?"

Akaweka kijiko chini. Nami nikaendelea kula ili asijione anahojiwa.

"Kile chombo kilikuwa kinanguruma peke yake," akasema. "Na kwa nyuma kuna jicho jekundu linawaka. Ningeliacha, radi ingeingia ndani ya nyumba ya mwanangu, na mtoto yumo. Nikapitisha mkono nikalibonyeza. Likazimika. Na chombo chote kikazimika pamoja nalo. Nikakifunika kanga."

"Kisha?"

"Kisha mwenyewe, mke wa mwanangu, akarudi. Akabonyeza mbele, akabonyeza tena, kimya. Akanigeukia akanitazama. Tangu siku ile haniongeleshi. Anajua ni mimi. Nilikatazwa nisiguse, nikagusa, nikaiua." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Mume wake atamlaumu yeye, na mimi nimekosa ujasiri wa kusema. Kila nikimwona naona aibu. Nakula huku peke yangu."

Wanawake wawili chini ya paa moja, kila mmoja anaamini ni yeye aliyeua, na kila mmoja anauona ukimya wa mwenzake kuwa ni hukumu.

Lakini fundi hafanyi kazi kwa machozi. Nikauliza swali lililobaki. "Mama, ile radi kubwa, iliyounguza televisheni ya jirani, ilipiga kabla hujabonyeza lile jicho, au baada?"

"Baada. Nilikuwa nimeshafika hapa jikoni. Ilipiga kwenye nguzo ya umeme huko juu, nikaangusha mwiko."

Hapo nikapata matumaini. Matumaini tu, kumbukeni, maana umeme wa radi unaweza kuruka kiswichi kidogo kama kile bila kuomba ruhusa. Njia ya uhakika ni kuchomoa waya ukutani, na hilo muwaambie wateja wenu wote wa milimani. Nilikuwa bado sijui ndani ya boksi kuna nini.

Kulikuwa na njia rahisi. Ningejifungia sebuleni, nikachokonoa nyaya huku natoa jasho la uongo, nikabonyeza ile swichi na kutoka nikisifiwa. Mashine ingepona. Upendo angeendelea kuamini aliponea chupuchupu, Bibi angeendelea kula jikoni. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo na kuitwa mabingwa.

Nikanawa mikono, nikamwita Upendo kutoka zizini, nikamshika Bibi mkono tukaingia sebuleni wote watatu.

"Upendo, nani aliiua hii kompyuta?"

Akainama. "Mimi. Niliiacha inawaka."

Bibi akamgeukia kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni.

"Na wewe mama, unasema nani?"

"Mimi," akasema Bibi. "Niliizima kwa nyuma. Nilishika kile chekundu."

Wakatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua.

Nikachomoa kila kitu, nikaifungua stabilaiza, nikawaonyesha. Ndani ilikuwa nyeusi tii. "Radi ilifika mpaka hapa," nikasema. "Hatua inayofuata ni boksi. Kama njia ilikuwa wazi, boksi nalo liko hivi. Mama aliifunga. Sasa tuone kama ilitosha."

Nikafungua boksi. Nikanusa. Nikamulika kapasita moja baada ya nyingine, hakuna iliyovimba, hakuna doa. Nikafuta memori, nikairudisha. Nikafunga, nikaunganisha kwenye stabilaiza yangu ya akiba niliyokuja nayo. Ukishaijua sababu ya watu kukutazama, kazi ileile inakuwa ngumu.

"Mama, njoo uiwashe hiyo swichi ya nyuma."

"Mimi? Mikono yangu..."

"Mikono yako ndiyo inayojua ilipo. Sisi wengine tunahitaji tochi."

Akaifuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma, kama anayekwenda kumpokea mtoto mchanga. Akapitisha mkono nyuma ya boksi bila kutazama. Taa nyekundu ikawaka. Nikamwonyesha Upendo kitufe cha mbele kwa kidevu. Akabonyeza.

Feni ikavuta pumzi, ikazunguka. Mashine ikatoa mlio wake mmoja mfupi, ule ambao fundi yeyote anaujua kuwa ni wa uzima, na maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo. Upendo alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Bibi alibaki amesimama na mkono wake bado uko nyuma ya boksi, anaogopa akiutoa itazimika.

"Utoe tu mama," nikamwambia. "Na hiki ulichokifanya ndicho kilichoiponya. Ungetii ulivyokatazwa, leo ningekuwa naizika."

Simu ya Upendo ikaita mezani. Wote tulisoma jina kwenye kioo chake. Upendo akajifuta uso akanyoosha mkono, lakini Bibi alikuwa karibu zaidi, akaichukua yeye.

"Mwanangu. Sisi wazima. Fundi amefika. Kompyuta yako nzima, inaunguruma hapa, stabilaiza ndiyo imeungua." Akasikiliza. "Nani? Hakuna aliyeharibu. Radi ilipokuja tuliizima, mimi na mkeo." Akasikiliza tena, akakunja uso. "Ndiyo, mimi. Niliigusa. Na nitaigusa tena, maana mkeo atanifundisha."

Upendo alikuwa ameinua kichwa pale sakafuni anamtazama. Bibi akamnyooshea simu.

"Shika," akamwambia. "Anauliza Ijumaa tutampikia nini. Mwambie wewe."